Probox Yangu Haikuwa na Msukule

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa na mdomo huu ambao mwaka jana ulikuwa uzibwe kwa moto.

Naanzia pale pabaya. Nimeketi ndani ya gari langu, vioo nimefunga, jua la saa nane linachoma. Nje watu wamenizunguka. Wametoka mazikoni, wengine bado wana udongo miguuni, wengine wameshika mawe. Jirani yangu Safari Ngumbao ana jerikeni ya petroli, anagonga kioo kwa kifuniko chake. "Toka, Karisa. Toka utuonyeshe unayemfuga huko nyuma." Watu wanaitikia, "Mutsai! Mutsai!" Yaani mchawi. Mke wangu Dama ameshikwa na wanawake pale uwanjani, analia, leso imemdondoka. Na mimi nimeshika usukani, gari halina pa kupita.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nimeandika haya nisome polepole, nisije nikaruka jambo kwa hasira. Hasira bado ninayo. Lakini leo mimi ni mtu mwenye raha, na hiyo raha nayo mtaisikia.

Mnanijua kwa kazi ya samaki. Nanunua Gongoni, napeleka bara, Ganze mpaka Bamba. Kwa kazi hiyo nilinunua Probox iliyotumika, nikaitengeneza upya. Viti vya nyuma nikatoa. Springi nikaongeza. Fundi mmoja wa Kisumu Ndogo akanijengea sanduku la mabati humo nyuma, ndani kaweka sponji nzito ya kuzuia joto, na feni ya kusukuma baridi ya barafu. Feni ile ilikuwa na akili yake: joto likiingia sandukuni inajiwasha yenyewe, hata gari limezimwa, hata mimi nimelala. Lakini ilikuwa imechakaa. Ikizunguka inakoroma kama mzee aliyeshiba.

Siku moja Safari alipita akaisikia. Yeye alikuwa akibeba samaki kwa pikipiki, makreti mawili nyuma, na nusu wanamwozea njiani. Akaniuliza, "Karisa, nani huyo anakoroma kwenye gari?"

Nikamjibu, "Ni kijana wangu wa kazi. Usimwamshe, nimemlaza sasa hivi."

Tukacheka wote wawili. Ndugu zangu, utani ule Safari aliuchukua, akaondoa kicheko, akaupeleka stendi ya pikipiki ukiwa mkavu.

Maana mambo mawili yalifuata. Kwanza, mvua ziliharibu njia ya bara, na Probox ikawa inakwama kila safari. Nikaona pikapu Malindi, imetumika lakini ina nguvu. Nikaandika INAUZWA kwenye kioo cha Probox. Sikutaka dalali, maana dalali hula pale ambapo hakulima. Safari akaja, anaitaka, lakini nimwachie alipe kidogo kidogo. Nikamwambia mwenye pikapu hataki kidogo kidogo. Akaondoka bila kuaga.

Kutoka hapo maneno yakaanza. Mnajua imani za kwetu: mali ya majini hudai kichwa, yaani uhai wa mtu, na mwenye mali akiona zamu yake imefika, huuza kile kitu ili deni limwangukie mnunuzi. Safari akawa anasema stendi, "Gari linamlisha, analiuza kwa nini? Na kwa nini hataki dalali alifungue? Humo kuna msukule, amekiri mwenyewe kwa mdomo wake." Msukule, yaani mtu aliyekufa akafichwa afanyishwe kazi. Mvi nazo zilinianza mapema, na kwetu sisi mvi ni hatari. Mtu akiwa nazo, kila kifo cha kijana anatazamwa yeye.

Jambo la pili, kijana mmoja wa kiwanda cha chumvi akafa kwa ajali ya pikipiki. Siku ya kumzika, nilikuwa na mnunuzi kutoka Rabai, mtu mstaarabu, amekuja kuona gari. Mwendesha pikipiki akamwita pembeni, akamnong'oneza. Yule mtu akapanda pikipiki hiyo hiyo akaenda zake, hata kofia yake aliisahau juu ya boneti. Nikaingia garini nimfuate, nimweleze. Ndipo watu wa mazikoni wakafika, na Safari mbele yao.

Wengine wenu mlikuwepo. Nawaona hapo mlipokaa. Niliwatazama kupitia kioo, mkatazama chini.

Nilitaka kuomba, na aya zote nilizokariri zikanitoka. Nikabaki na jina moja tu, Yesu, nalirudia kama mtoto anayemwita mama yake. Nilikuwa nangoja malaika, ndugu zangu. Mungu akanitumia Bi Zuhura wa Mambrui.

Ni mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, Mwislamu safi, na samaki wake wabichi huwekwa kwenye barafu yangu. Alikuja na beseni kichwani, akawasukuma watu kwa kiwiko. "Nipisheni. Samaki wangu wamo humo, na ninyi mnapiga kelele kwenye jua."

Mtu akamwambia, "Bi, usisogee, kuna msukule."

"Basi kazi anaijua. Samaki wangu hawajaoza hata siku moja. Safari, mwanangu, wewe ndiye shahidi, fungua."

Safari akarudi nyuma. Mwanamume aliyekuwa na petroli mkononi akaogopa mlango wa nyuma. Bi Zuhura akatua beseni, akaufungua mwenyewe, akapanda na buibui lake, akajikunja kati ya samaki. "Fungeni. Nikiliwa, mtawaambia wanangu."

Wakafunga. Joto lililoingia likaiwasha feni, ikaanza kukoroma. Uwanja mzima ukarudi nyuma. Halafu ndani kukagongwa. "Ninyi, fungueni! Naganda kwa barafu huku!"

Akatoka na magamba mpaka kwenye kope, kashika samaki mkubwa, changu, kwa mkia. "Msukule wenu nimemwona. Ni feni. Mpakeni grisi, ana kiu."

Mzee mmoja akacheka, hakuweza kujizuia. Akafuata mwingine. Na mtu akishacheka, jiwe mkononi linamtia aibu. Wakayaacha mawe pale pale chini, wakatawanyika mmoja mmoja. Nikafungua mlango, Dama akaja akanishika. Bi Zuhura akaniambia, "Karisa, kunywa maji. Halafu tuongee, gari hili nalitaka."

Na kweli, yeye na wenzake wa chama chao wakalinunua. Mpaka leo linakimbia Mambrui, na kukoroma hakukoromi tena. Mimi nilichukua pikapu yangu, na njia ya Bamba sasa naipita nikiimba. Walionishauri nipake piko nywele nimewakatalia. Mvi hizi Mungu amezilinda, sizifichi. Nala, nalala, nacheka na mke wangu. Nimekuwa mtu wa kushukuru.

Wewe unayesemwa sasa hivi, unayepita watu wakanyamaza, usihame, usijifiche. Liite lile Jina hata kama hukumbuki neno jingine. Na msaada ukija kwa mlango usioutazamia, usiukatae.

Limebaki moja. Safari Ngumbao, umekaa humu humu kanisani. Ulikuja kwangu jioni, peke yako, ukasema nikusamehe. Nilikusamehe, na sirudi nyuma. Lakini maneno yale uliyasema stendi, mchana, mbele ya watu wote, na watoto wa pale bado wanamkimbia Dama akienda kisimani. Uliyatoa hadharani, hadharani ndiko utakakoyarudisha. Na kabla hujaenda huko, kuna swali ambalo mimi sikuliuliza, analiuliza Dama kila tunapozima taa: je, Bi Zuhura angechelewa kwa wateja wake siku ile, ungekuja kumwambia nini mjane wangu?

Usinitazame mimi. Dama ameketi hapo mbele yako. Simama umjibu.