Risper Boke Maranga, Aliyeukataa Uenyekiti

Leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, tumekutana hapa Ndhiwa kumsindikiza dada yetu. Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na kaka yake, Javan Maranga, kwa niaba ya familia.

Marehemu Risper Boke alizaliwa tarehe 14 Agosti 1992 huko Kisegi, nyumbani kwa mama yake mzazi, Mama Filister Adongo. Baba, Mzee Stanley Maranga, ni Mkuria wa Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwa hiyo utoto wa Boke uligawanyika kati ya ziwa la kina mama na mifugo ya kina baba. Alikuwa mtoto wa kuzubaa. Ungemtuma maji ukamkuta amesimama ufuoni, ndoo tupu mkononi, akitazama ukungu unavyojitenga na maji polepole. Mama akimwuliza alikuwa wapi, alijibu, "Nilikuwa hapa tu." Na kweli alikuwa hapo tu.

Alisoma shule ya msingi Kisegi, kisha sekondari ya wasichana katika kaunti ya Migori, akamaliza mwaka 2010. Mwaka 2012 alijiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Wakati huo chama cha wanafunzi kilikuwa kimepasuka kambi mbili: Ziwani, ya waliotoka kando ya ziwa, na Mpakani, ya waliotoka upande wa kina baba. Hata meza za kulia chakula ziligawanywa. Boke alikula popote alipopata nafasi, na kila meza ilinyamaza kidogo alipoketi.

Mwaka 2014 Ziwani walimsimamisha awe mwenyekiti, wakitumaini damu ya babake itavuta kura za upande wa pili. Hakujua kupaza sauti. Alizungumza taratibu kama mtu anayesimulia ndoto aliyoiota alfajiri, na umati ulilazimika kusogea karibu ili usikie. Alitangazwa mshindi. Asubuhi iliyofuata rafiki yake wa chumba kimoja, Joyline Awuor, alimkumbatia na kumnong'oneza, "Kule hosteli ya wavulana tuliongeza kura, Boke. Hakuna atakayejua."

"Mimi nimejua," dada yetu alisema.

Siku ya kuapishwa, uwanja ukiwa umejaa na matarumbeta yakilia, alishika kipaza sauti akasema kwamba si kura zote zilizompa ushindi zilikuwa halali, na kwamba hataapa. Hakutaja jina la mtu. Wanaokumbuka wanasema ukimya ulianza mbele ukaenda hadi nyuma, kama upepo unavyopita juu ya mtama. Halafu mtu mmoja akasema, "Umetuuza." Uchaguzi uliporudiwa, alishindwa na Nicodemus Okari wa Mpakani. Ziwani walimwita msaliti, Mpakani hawakumshukuru. Joyline alihamisha godoro lake chumba kingine bila kuaga. Boke alikaa miaka miwili iliyobaki bila rafiki, na likizo alizokuja nyumbani alilala sana. Baba alimwuliza kama anajuta. Akasema, "Sijuti, Baba. Lakini nimewakosa."

Alihitimu mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha sekondari moja hapa Ndhiwa. Wanafunzi wake wanajua habari za ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga, ambayo aliitumia kama sanduku la kura katika uchaguzi wa viranja. Aliiweka katikati ya uwanja, akaketi kando yake na kikombe cha chai, akaonekana kama amesinzia. Mwanafunzi mmoja alijaribu kutumbukiza karatasi mbili. "Moja, baba," mwalimu akamwambia, macho yamefumbwa.

Shuleni hapo ndipo alipokutana na Paul Otieno, daktari wa mifugo aliyeitwa kumtibu ng'ombe wa shule. Walifunga ndoa tarehe 21 Aprili 2018. Siku ya mahari Mzee Stanley alimwonyesha Paul fahali mmoja kati ya wale walioletwa, akauliza, "Huyu ni mzima?" Paul akakiri kwamba anachechemea. Mzee akacheka, akasema, "Mpeni binti. Yeye na Boke wamefanana." Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Homa Bay, baadaye Kisumu, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Mwezi wa Julai mwaka huu, bila kuitwa na yeyote, Joyline alifika mlangoni. Alisimama hapo muda mrefu kabla ya kuingia.

"Ungenyamaza siku ile," alisema, "leo ungekuwa mtu mkubwa."

"Na ungekuja kunitembelea?" Boke akamwuliza.

Joyline aliketi mwisho wa kitanda, akaiweka miguu ya dada yetu mapajani, akaanza kuipaka mafuta. Tangu siku hiyo Joyline hakurudi tena nyumbani kwake. Alimwosha, akamlisha uji, na mchana walilala pamoja, dirisha likiwa wazi. Boke alipumua mara ya mwisho tarehe 2 Septemba, jua likiwa juu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Ameacha mumewe Paul. Watoto wao Maurice na Kezia. Wazazi wake, Mzee Stanley na Mama Filister. Kaka yake Javan. Na dada zake Marion, Roseline na Joyline. Jina hili la mwisho limeandikwa hapo kwa agizo la Boke mwenyewe.

Usingizi wake uwe mtamu, na Mungu amwamshe kwa upole.