Daftari la Mama Restituta na Mashine ya Nukta Nundu

Tarehe 30 Juni 2026, Mama Restituta Lyamba anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari Mtambalika kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa karani mpiga chapa, anatoka akiwa mtunza kompyuta. Katika miaka yote hiyo hatukumwona akikataa kazi, ila wengi tumemwona akikataa flash zetu.

Alikuwa na sababu. Flash zilirudi kutoka mjini zimejaa virusi, na kompyuta za ofisi zikawa hoi. Mama Restituta akaziondolea Windows, akazihamishia zote kwenye Linux, mfumo wa kompyuta usioshambuliwa kirahisi na virusi hivyo. Tulilalamika mwezi mzima. Yeye alifika kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Kawajense, akatusalimia vizuri, akaendelea na kazi yake. Siku hizi tunajisifu kwamba wazo lilikuwa letu.

Shida ikabaki kwenye mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi ambayo wanafunzi wetu wasioona husoma kwa vidole. Programu yake ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Akaweka Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, na kwa miaka sita mitihani ikatoka. Kila amri aliyoiandika kwenye kompyuta aliinakili kwa kalamu kwenye daftari alilolivalisha jalada la kitenge.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya Mei mwaka jana. Jumatatu yake kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio wa Kiswahili, na mashine ikawa inatoa karatasi tupu. Mama Restituta aliiondoa Wine, akaisakinisha upya. Tupu. Akarudia mara mbili. Tupu vilevile. Walimu tukapendekeza wanafunzi wanne wasioona wasomewe maswali. Faith, mmoja wao, alikataa katakata: wenzake wangeweza kurudia kifungu cha ufahamu mara tano, kwa nini yeye asikilize mara moja? Mama Restituta alivuta kiti, akaanza tena.

Jumamosi asubuhi akabaini kwamba kuiondoa Wine hakuondoi folda yake iliyofichwa, na mipangilio mibovu ilikuwa inarudi kutoka humo. Akaifuta folda nzima, akasakinisha, mashine ikaanza kugonga. Tulishangilia kabla ya wakati. Ndani ya folda ile lilikuwamo jedwali la vifupisho vya nukta nundu ya Kiswahili, linaloiongoza programu kugeuza maneno kuwa nukta, alilolijenga kidogo kidogo kwa miaka sita, na hakuwa na nakala. Mama huyuhuyu aliyetufokea sote kuhusu nakala! Mganga hajigangi. Alilia mbele yetu.

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Danford, mwalimu wetu wa Kiswahili ambaye haoni, alifika na rundo la mitihani ya zamani. Alisoma kwa vidole, akataja kifupisho kimoja kimoja, na Mama Restituta akaandika. Hawakuinuka mpaka jedwali lilipokamilika. Jumatatu saa mbili, Faith alikuwa na karatasi yake mezani kama wenzake.

Alipokaribia kustaafu, tulijiuliza kwa hofu nani ataitunza mashine. Yeye alikuwa ameshaamua. Alilichapa daftari lake lote kwa nukta nundu, akamkabidhi Mwalimu Danford. Wiki iliyopita Wine ikavurugika tena. Mama Restituta alikaa pembeni, mikono mapajani, huku Mwalimu Danford akisoma hatua kwa vidole na kompyuta ikimsomea kilichoandikwa kwenye kioo. Mama aliuliza jambo moja tu, kama jedwali limetolewa nakala. Zilikuwepo mbili.

Wasifu huu umechapwa kwa nukta nundu pia, na Mama, hukugusa hata kitufe kimoja. Asante kwa ukaidi wako. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema na mahindi yanayostawi. Ukija kututembelea, flash zetu utazikuta zimebaki nyumbani.