Wasifu wa Fundi Vaa, Aliyepima Pikipiki kwa Mkono

Niliombwa niandike kwa kifupi na nisichanganye mambo. Walioniomba wananijua, kwa hiyo wasishangae. Mimi ni mdogo wake marehemu, na tulizaliwa wawili tu. Tunayemsindikiza leo ni kaka yangu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina moja: Fundi Vaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Februari 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Baba yetu alikuwa fundi wa breki za mabehewa, na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alikuwa na desturi ya kutununulia viatu vikubwa ili tukue navyo. Mimi nilivaa nikanyamaza. Kaka alivikataa, akamwambia mama kwamba kiatu kisichokutosha kinakufundisha kutembea vibaya. Akachapwa, akavivaa, halafu akaenda hadi shuleni akichechemea makusudi ili majirani wote waone. Alikuwa na umri wa miaka saba na alishakuwa mbishi kamili.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha akajiunga na shule ya ufundi na kumaliza mwaka 1981. Hesabu alizimudu vizuri sana. Mwandiko wake, Mungu amsamehe, ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika duka la pikipiki karibu na mzunguko wa barabara kuu, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2020. Kazi yake ilikuwa kuzitoa pikipiki mpya kwenye makasha, kuziunga, na kuzikabidhi kwa wenyewe. Hapo ndipo jina lilipopatikana. Mteja hakuondoka na pikipiki mpaka aikalie kwanza, injini imezimwa, afumbe macho, na kaka amwambie, "Haya, shika breki." Vidole visipoifikia leva ya breki mara moja, kaka anaisogeza. Anajaribu tena. Ikibidi atashusha na kiti. Alisema pikipiki haipandwi, inavaliwa.

Yupo muuza nyama mmoja, naona amekaa pale nyuma na anacheka kabla sijafika. Alikuja dukani na haraka zake.

"Fundi, nipe ufunguo nina wateja wananisubiri."

"Ufunguo utaupata. Vaa kwanza."

"Nivae nini? Kofia si hii hapa!"

Alipofumba macho na kushika breki, mkono ulipita patupu. Kaka akamwambia, "Umeshika hewa, mzee. Lori likikatiza mbele yako, utalikaribisha kwa hewa hiyo hiyo?" Muuza nyama alikaa pale mpaka saa ya chakula, na mpaka leo yuko nasi, mzima wa afya.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 15 Aprili 1989 na wifi yangu, mwalimu wa chekechea. Msifikiri ilikuwa kazi rahisi. Wifi alikuwa amempoteza kaka yake kwa ajali ya pikipiki mwaka mmoja kabla, na hakutaka hata kusikia mlio wake. Alimwambia kaka wazi, mbele yangu: "Nitaolewa na wewe. Na pikipiki siolewi, na nyuma yako sitakaa hata siku moja." Kaka hakubishana. Yule mbishi niliyewaelezea, kwa mke wake alikuwa maji ya mtungi. Kila asubuhi wifi alipanda basi kwenda shuleni kwake, na kaka akalifuata basi lile kwa nyuma na pikipiki yake mpaka kituo cha chekechea, ndipo akageuza kwenda dukani. Kondakta akazoea kumpungia mkono. Wifi alikuwa anaangalia mbele tu, amekaza shingo. Mungu aliwajalia watoto wawili, kijana ambaye ni dereva wa lori na binti ambaye ni muuguzi.

Sasa niruhusuni niseme juu ya pikipiki yenyewe, maana bila hiyo sijamsema kaka. Kwa miaka mingi aliendesha pikipiki ya michezo, aina ya zile za mbio, ya ukubwa wa kati, toleo la zamani. Ilikuwa nzuri kuitazama na adui wa mgongo. Usukani ulikuwa chini, mtu anainama kama anayetafuta sindano, na kiti kilikuwa ubao uliopakwa rangi. Mwaka 2019 lilipokuja toleo jipya, kaka alilitoa kwenye kasha kwa mikono yake, akanipigia simu saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Dada, wamenisikia!" Nani amekusikia? "Walioitengeneza!" Akaniorodheshea: usukani wameunyanyua, kiti wamekipa nyama, klachi unaikamata kwa vidole viwili, breki hazikabi gurudumu kwenye utelezi, na taa zinaona mbele. Injini ni ile ile, ya silinda mbili, ila sasa ina adabu kwenye foleni. "Wameipunguzia majivuno," akasema, "wakaibakizia mbio." Nyuma kulikuwa na kiti cha abiria, kipana, na cha mtu mzima kweli. Aliinunua. Akaenda nayo kazini, dukani, kwenye misiba, kununua maziwa. Ukimuuliza kwa nini unafuata maziwa kwa pikipiki ya michezo, anakuuliza kwani maziwa yamekosa nini.

Kitu kimoja tu kilitushangaza. Kijana wake alipoijaribu, leva zilikuwa karibu mno na usukani, vidole vyake havikuwa na pa kukaa. Kiti kimeshushwa, magoti yanatafuta kidevu. Tulimcheka kaka yetu, jamani. Tukasema mganga hajigangi, fundi mzima kakosea kuvaa ya kwake. Yeye anacheka na sisi, na kesho yake anaondoka amejikunja vile vile.

Mwezi Machi 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Vipimo vilionyesha moyo umepanuka. Daktari, ambaye tunamshukuru sana, alimkataza kuendesha. Pikipiki ikawekwa ukumbini, ikafunikwa shuka, na kaka akawa anaitazama kutoka kwenye kochi. Kijana wake, kwa nia njema kabisa, akasema iuzwe kuliko imtie baba simanzi. Siku hiyo nilikuwepo. Kijana ameifunua shuka, analalamika tena kuhusu zile leva, kwamba hakuna mnunuzi mwenye mkono mdogo hivyo. Wifi akapita na beseni la nguo. Kaka akamwita.

"Mama watoto. Hebu vaa."

Wifi akasimama. Nilidhani atamrushia beseni. Akaliweka chini, akafuta mikono kwenye khanga, akakaa juu ya ile pikipiki, yeye ambaye kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi hata kugusa pikipiki. Miguu yote miwili ikakanyaga sakafu sawasawa. Akafumba macho bila kuambiwa, akanyoosha vidole, na vidole vikaikuta leva pale pale.

"Tangu lini?" akauliza, macho bado ameyafumba.

"Tangu nilipoitoa kwenye kasha."

"Na mimi nilishasema sipandi."

"Ulisema hutakaa nyuma," kaka akamjibu.

Mwanamke alilia pale juu ya pikipiki, na mimi nililia kwenye kiti changu, na kijana akaenda nje kujifanya anaangalia lori.

Haikuuzwa. Wifi alikuwa na miaka hamsini na nane alipoanza kujifunza, Jumapili mchana, kwenye uwanja wa chekechea yake. Nilimwambia wifi, una wazimu? Akaniambia, "Wazimu ninao, wifi, na woga ninao. Nishikie mkoba." Mwalimu wake, kaka mwenyewe, alikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti masikioni, anahema na kuelekeza: "Angalia unakokwenda! Usiliangalie gurudumu!" Wifi aliliangalia gurudumu na kuingia nalo kwenye mchanga wa watoto. Kaka alicheka mpaka tukatafuta dawa. Wifi akajipangusa, akaanza tena. Leseni aliipata mwezi Juni mwaka huu.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti walitoka wawili. Daktari alikataza kuendesha, kubebwa hakukutaja, na hatukumuuliza. Kaka alikaa nyuma, mikono imemzunguka mke wake kiunoni, wakaenda barabara ya bwawani hadi mwisho wa lami na kurudi. Walipofika nyumbani, kaka alisema hakuogopa hata kidogo. Wifi akamjibu, "Mimi niliogopa njia nzima. Nimeendesha hivyo hivyo."

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Septemba 2023, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, mimi, ambaye sasa sina wa kubishana naye. Ameacha pia watu wengi mjini hapa ambao jana walishika breki na ikawa pale walipoitegemea.

Nina ombi moja, halafu nakaa chini. Tutakapotoka hapa makaburini, wenye magari msikimbilie barabarani. Acheni nafasi mbele. Wifi amekataa kupanda gari letu, anarudi nyumbani kwa pikipiki. Kiti cha nyuma ni kitupu, anaogopa, na amesema atakwenda. Sisi tutamfuata kwa nyuma mpaka mlangoni.

Kaka yangu apumzike kwa amani, na amani hiyo imsindikize mke wake barabarani.