Benchi la Mita Arobaini

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mchora ramani ambaye wenzake ofisini walimwita Bi Rula. Alifariki dunia Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Alifariki katika hospitali ambayo ramani yake aliinakili kwa mkono wake mwenyewe.

Mdogo wake anasema jina hilo lilimkaa sawasawa. "Dada alikuwa akipima kitanda kabla ya kununua shuka. Tukimcheka, anapima tena."

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, mwanamke pekee katika chumba chenye meza saba za kuchorea. Kazi yake ilikuwa kunakili michoro kwa wino. Kunakili tu. Msanifu wa hospitali hiyo alikuwa mgeni kutoka nchi ya baridi, naye alikuja na mtindo wa kisasa wa kwao: paa bapa, kuta nyeupe zisizo na nakshi, madirisha marefu ya kioo. Bi Rula aliupenda mtindo huo mno. Lakini alipofika kwenye mchoro wa mlango wa mbele, kalamu ilisita. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti kumi na viwili. Viti kumi na viwili, wasikilizaji, kwa hospitali ya vitanda mia mbili. Kwao mgonjwa huja peke yake. Kwetu mgonjwa huja na ukoo.

Hapo akafanya kosa ambalo mnakili hapaswi kulifanya: alichora kisichokuwepo. Alirefusha paa kwa mita tatu kuelekea nje, na chini ya kivuli chake akaweka benchi la saruji lenye urefu wa mita arobaini. Hakumwambia mtu.

Msanifu aligundua msingi wa benchi ukiwa umekwisha kuchimbwa. Mkuu wa ofisi akaandaa barua ya kumwachisha kazi. Bi Rula hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: kabla barua haijatiwa sahihi, msanifu aende naye asubuhi moja hospitali ya zamani.

Walikwenda. Mama mmoja aliletwa akiwa na homa. Nyuma yake walikuwepo mume, dada, shangazi wawili, na jirani aliyebeba blanketi. Wote waliketi chini, juani. Msanifu akauliza mgonjwa ni yupi.

"Anaumwa huyu, baba, ila tumekuja sote," shangazi mmoja akamjibu. "Na wewe kaa basi, usitusimamie kama askari."

Akakaa. Alikaa pale mpaka adhuhuri.

Barua haikutiwa sahihi. Benchi likajengwa. Miaka sita baadaye ilifika picha kutoka nchi ya baridi: zahanati mpya ya yule msanifu, na mbele yake benchi refu lililofunikwa theluji. Mdogo wake anakumbuka Bi Rula alivyocheka hadi machozi. "Akasema, sasa na huko msanifu apate Bi Rula wake, amrekebishie."

Jumanne iliyopita, watu kumi na tisa wa familia yake walikuwa wameketi juu ya benchi hilo. "Muuguzi alipotoka na habari, hakututafuta," anasema mdogo wake. "Tulikuwa pale pale, pamoja."

Kwa familia hiyo, tunatoa pole nyingi. Nasi tunaosikiliza, tunapopokea jambo zuri kutoka mbali, tujiulize alilojiuliza Bi Rula mbele ya karatasi yake: watu wetu watakaa wapi?