Mawe ya Kuazima

Benchi la pembeni mwa duka la baiskeli lina mguu mmoja mfupi, na asubuhi hiyo Shangazi Msumari alikalia upande ule mbovu makusudi, asisinzie. Usiku hakulala. Bwawa lake la kwanza lilikuwa limeamka jeupe, samaki wote matumbo juu. Lilibaki la pili, na nyuma ya la pili hakuna kitu. Muuza kahawa alimmiminia bila kuulizwa.

– Pole, Shangazi, alisema Dobi. Hilo ni jicho. Nilimwona mtu anahesabu samaki wako kwa kidole.

– Kidole hakiui. Kingeua, ungekuwa marehemu kwa nilivyokunyooshea mimi.

– Ni mwezi, alidakia Karani, mstaafu mwenye jibu la kila jambo. Ukivuta maji sana, samaki wanabaki na chumvi tupu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

– Wangu hawakunjiki tena. Wamekakamaa.

– Basi mnara wa simu! Dobi akapandisha sauti. Unawachemsha ubongo humo humo majini!

Shangazi alimgeukia mpwa wake Injinia, fundi wa pampu.

– Sema na wewe. Si ulinitumbukizia gunia la mawe, ukasema yananyonya amonia, ule uchafu wanaojikojolea?

– Yananyonya kweli, Shangazi. Nimeyaazima kwa shemeji, kule bwawani kwake maji ni matamu. Yakishiba huyaroweka kwenye maji ya chumvi, yakatapika yote, akayarudisha kama mapya. Mimi nikayachukua yameshiba hivyo hivyo; kuroweka kwa nini, kwako maji tayari ni ya chumvi?

– Akili hiyo! Karani akampiga kofi la mgongo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Mwanamke mgeni mwenye ndoo tupu alikuwa amesimama kando, anatafuta samaki wa kununua.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Dobi akimsogezea nafasi.

Hakukaa.

– Samahani, alisema. Hayo mawe, safari hii yametapikia wapi?

Dobi alichungulia kikombe chake. Karani alikohoa. Injinia aligeuka kutazama njia ya bwawani.

– Gunia lilikuwa moja? Shangazi hakupaza sauti.

– Mawili, Shangazi. La pili nimelitia alfajiri... liwaokoe waliobaki.

Shangazi alimpokonya mgeni ndoo bila kuomba, akashika njia ya bwawa la pili. Hakukimbia. Upepo ulitoka huko, na harufu ilikuwa imeshamfika puani.