Ndege ya Kumleta Binti

Benchi la nje ya duka la cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua inayowanyeshea. Jioni hiyo Sindano, mshonaji mwenye duka, alimimina kahawa kwa mbwembwe akatangaza kwamba ndege ya abiria inayokimbia kuliko sauti inarudi angani. Binti yake aliye ng'ambo kila mwaka humwambia, safari ndefu mno baba, mgongo hautaki. Sasa safari itakuwa nusu ya muda. Basi, kisingizio kimekwisha!

— Inarudi wapi? — alidakia Haiwezekani, karani mstaafu anayepinga hata salamu. — Ilikwisha kuruka zamani, ikawashinda matajiri. Mafuta inayafakamia, viti vyenyewe vya kuhesabu. Nani atatoa nauli ya bei ya nyumba ili awahi chai?

— Watu wana haraka zao, — Sindano alijitetea. — Wafanyabiashara...

— Mwenye haraka siku hizi anapiga simu ya video! Mkutano umekwisha, na suruali hajavaa.

Waya, fundi redio, alikohoa kitaalamu.

— Shida ni kishindo. Ikipita, vioo vinapasuka. Juu ya nchi kavu itakatazwa mbio, itambae mpaka ifike baharini.

— Yaani unalipia mbio, unapewa konokono!

— Na humo ndani je? — Waya aliendelea. — Rubani akisema fungeni mikanda, sauti inabaki nyuma. Mnatua, mnachukua mizigo, ndipo tangazo linafika. Wahenga hawakukosea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Wahenga walipanda ndege lini, wewe?

— Ngoja! Ikizidi mbio, unafika kabla hujaondoka. Unajikuta uwanjani, unajiaga mwenyewe!

Benchi zima likaangua kicheko. Sindano alipandwa na hasira.

— Chekeni! Chumba cha binti yangu nimeshakipaka rangi. Mtakuja kumsalimia hapa hapa, na aibu zenu.

Mlangoni alikuwa amesimama muuguzi, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, akisubiri sare yake ipunguzwe kiuno.

— Shikamoo baba. Samahani, mimi mgeni. Hizi ndege za sasa, za polepole, si zinatua hapa kila siku?

— Marahaba mwanangu. Zinatua.

— Na watu wanapanda?

— Wanapanda, tena zinajaa.

— Sasa yeye mbona hapandi?

Waya akainamia kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Sindano akamgeukia Haiwezekani, akimwomba kwa macho amseme, amcheke, amwite mjinga kama kawaida yake.

— Aa, — Haiwezekani alisema taratibu, akimwongezea kahawa. — Hiyo ya mbio ikija, ndugu yangu, atakuja tu. Na nauli itashuka, utaona.

Sindano alimtazama: leo hata Haiwezekani amekubali. Heri angemtukana.