Vikaratasi vya Nyota Vilivyoingia Mlimani

Risala ya wakazi wa kitongoji cha Mlimani, Iramba, siku ya kufungua ghala la alizeti. Msomaji: Scholastika Samweli.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, pamoja na wazee wetu, shikamooni.

Karibu

Karibu Mlimani. Vumbi la barabara yetu umeshalionja, hatuna haja ya kukusimulia. Tumemchagua Scholastika akusomee. Sauti yake ikikwama tunaomba umvumilie, maana mengi yaliyomo humu yamempata yeye, ingawa maneno ni yetu sote.

Mafanikio

Ghala ni hili unaloliona. Wanawake walisomba mawe, vijana wakafyatua matofali, na wafadhili waliosomwa majina asubuhi wakaleta mabati na saruji. Wote tuliwapigia makofi. Tulikuwa tumeandika mengi zaidi hapa, lakini tumeyafuta ili tupate nafasi ya jambo linalotunyima usingizi.

Kilichotupata

Mheshimiwa, fisi wanatusumbua miaka yote, na desturi yetu unaijua. Yowe likipigwa, kila mwanamume huchukua upinde au rungu akakimbia. Aliyepiga yowe hahojiwi. Anaulizwa wapi, basi.

Mwezi uliopita, wakati wa kuvuna alizeti, Enock, mtoto wa pekee wa Scholastika, alipiga yowe mchana kweupe kwamba fisi amebeba mtoto. Scholastika alikuwa jirani naye akikata vichwa vya alizeti. Alimwona mwanawe anatetemeka, macho yamemtoka, akaamini kama tulivyoamini sisi. Enock akaonyesha shambani, mabua yakitikisika na kitu cha kahawia kikipita chini chini. Antipasi, hodari wetu wa upinde, akaachia mshale.

Alikuwa ni Mzee Melkiori, ameinama akiokota masalia, amejitanda gunia mgongoni kujikinga na jua. Mshale ulimwingia pajani. Tulipokuwa tunamwinua, Enock alimshika mama yake mkono akamuuliza taratibu, "Mama, mbona fisi analia kama mzee?"

 Wengine walisema ni mapepo, wengine wakaanza kumtafuta mchawi. Scholastika alimpekua kijana wake mfukoni akakuta kikaratasi kidogo kuliko ukucha, kimechorwa nyota.

Dawa yenyewe

Daktari tuliyempelekea kikaratasi hicho alitufumbua macho. Kinawekwa kwenye ulimi, hakina harufu wala moshi, ndiyo maana mzazi hagundui. Dawa iliyolowekwa humo inaitwa LSD. Ilitengenezwa huko Uswisi, zamani za babu zetu, kutokana na kuvu wa nafaka. Mwanzoni madaktari waliijaribu kwa wagonjwa wa akili, baadaye vijana wa Ulaya na Marekani wakaifanya starehe, mpaka serikali zikaipiga marufuku, hata ya kwetu. Mtu huona yasiyokuwepo na kusikia yasiyosemwa kutwa nzima, na wengine hurudiwa na maono hayo hata baada ya kuacha. Enock hurudiwa. Juzi alikataa uji kwa sababu aliuona unapumua.

Sisi wakulima wa alizeti na uwele tunaogopa, Mheshimiwa. Bangi tunainusa, mlevi tunamwona anavyoyumba. Hiki tutakitambuaje? Siku hizi yowe likipigwa tunaangaliana kwanza, na fisi wa kweli hawangoji.

Mzee Melkiori hajaamka kitandani. Antipasi yuko mahabusu. Enock aliwaambia polisi kwamba alikiokota kikaratasi njiani. Sababu ya kusema hivyo Scholastika anaijua, kwani aliyempa kijana alikuja nyumbani kutoa pole, akaacha sukari mezani, akamwambia, "Mwambie kijana asahau. Nyumba yenu naijua hadi mlango wa nyuma."

Mtu huyo tunamjua. Hatumtaji hapa, kwa kuwa ameketi anatusikiliza, na asubuhi tulimpigia makofi.

Maombi

Tunaomba wataalamu waje wawafundishe watoto wetu, shuleni, kanisani na msikitini. Tunaomba kesi ya Antipasi iangaliwe kwa huruma. Tunaomba Enock apelekwe kutibiwa, asifungwe.

Ombi la mwisho halikuwemo kwenye nakala tuliyoileta ofisini kwako. Scholastika amekubali kusoma haya mbele ya watu wote, na kwa hiyo leo hawezi kulala kwake. Tunakuomba ukiondoka, uondoke naye pamoja na kijana wake. Hayo mengine, na jina, atakuambia mkiwa njiani. Enock ameshaketi ndani ya gari lako. Dereva wako tumemwomba, naye hakukataa.

Mwenyezi Mungu akulinde, awaponye waliojeruhiwa, na awafikishe nyote salama.

Ni sisi, wakazi wa Mlimani, tuliosimama kulizunguka gari mpaka litakapoondoka.